Majibu Yaliyokwenda Tanga

Mwaka wa Elninyo barabara ya kusini ilikatika vipande vipande, na watu wa Mtwara wakakaa miezi kama wakazi wa kisiwa. Gazeti likifika limeshachacha, barua ndiyo usiseme. Kwa hiyo Hashimu Chilumba hakuwa akitazamia neno lolote kutoka Tanga siku tarishi wa mahakama alipoingia uani kwake Mtawanya, suruali kaikunja hadi magotini na viatu kavishika mkononi.

“Hapa ndipo kwa Hashimu Bakari Chilumba?”

“Ndipo. Karibu barazani, mjomba, utoke kwenye tope.”

“Sikai. Tia saini hapa, kisha na hapa.”

Ilikuwa samansi. Halmashauri ya mji wa Tanga ilikuwa imemshtaki Hashimu, mmiliki wa nyumba iliyopo Ngamiani, kwa kutolipa kodi ya jengo na pango la kiwanja kwa miaka minne. Alitakiwa apeleke majibu yake kwa maandishi ndani ya wiki tatu. Asipojibu, shauri lingesikilizwa bila yeye, na nyumba ingeweza kupigwa mnada.

Mkewe, Sharifa, alikuwa akitwanga makopa. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akaja kusimama nyuma ya mumewe. Kusoma hakujua vizuri, lakini uso wa mumewe ulisomeka.

“Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Ni ile nyumba ya baba. Wanadai kodi.”

“Kodi si ulikuwa unalipa wewe?”

Hashimu aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema anakwenda msikitini. Adhana ilikuwa bado sana.

Habari ya nyumba hiyo ilianza zamani. Marehemu mzee Bakari Chilumba aliondoka kijijini Ziwani, huku huku Mtwara, angali kijana, akiacha mke na mtoto mchanga, akaenda Tanga kukata mkonge kama walivyokwenda wanaume wengi wa kusini siku hizo. Wenzake walirudi mikataba yao ilipokwisha. Yeye hakurudi. Alipanda kazini hadi akawa mnyapara, akaoa mwanamke wa Kidigo, akapata naye binti, Mwanaidi, na kiinua mgongo chake akakijengea nyumba ya vyumba sita. Nyumba ilipokwisha aliiandikisha kwa jina la Hashimu, yule mtoto wa Ziwani ambaye hakuwahi kumlea. Pengine ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Hashimu aliitwa akatie saini, akakaa siku chache kama mgeni kwa baba yake mwenyewe, kisha akarudi kwenye mikorosho.

Mzee alifariki mwaka tisini na moja. Aliyemuuguza, akamgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko, alikuwa Mwanaidi, ambaye wakati huo tayari alikuwa mjane mwenye watoto watatu, akiishi vyumba vya nyuma na kushona nguo za watu. Hashimu aliwahi arobaini. Ndipo kaka na dada, baba mmoja mama mbalimbali, walipokaa na shehe wakapatana. Nyumba isiuzwe. Mwanaidi na wanawe waendelee kukaa nyuma. Vyumba vya mbele vipangishwe, na kodi ya wapangaji ipelekwe Mtwara kwa Hashimu, maana fungu la mtoto wa kiume ni kubwa. Naye, kwa kuwa jina ni lake, atoe humo humo kila kinachodaiwa na serikali.

“Mimi mambo ya ofisi siyawezi, kaka,” Mwanaidi alisema siku ile. “Ofisi ziwe zako. Fedha nitakutumia, sitakosa.”

Na hakukosa. Hawala zake zilifika posta ya Mtwara kama mwezi unavyoandama. Mwanzoni Hashimu naye alilipa, tena kwa wakati. Kisha mikorosho ikaingiwa na ubwiri, ule ugonjwa unaoyafunika maua kama yamenyunyiziwa unga hadi yakauke na kupukutika. Dawa yake ni salfa, na salfa hainunuliwi kwa maneno. Msimu ule fedha ya Tanga ilinunua salfa. Alijiambia ni msimu ule tu. Msimu uliofuata mikorosho ilizaa vizuri, lakini binti yake Zawadi akachumbiwa, na harusi haingojei. Baada ya harusi akaona haya kulala chini ya makuti ilhali wakwe wanakuja kumsalimu, akaezeka bati. Notisi za kodi zilipokuja alizisukumia nyuma ya kabati. Hatimaye hakuwa anajiambia lolote tena. Ile fedha iligeuka kuwa yake, kama njia ya mkato inavyogeuka barabara watu wakiipita sana.

Na huyu, msikilizaji, hakuwa mtu mwizi. Wakulima wa pale Mtawanya walikuwa wamemweka yeye kwenye mizani ya chama chao cha msingi kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu kilo. Wajane walimletea magunia yao wakarudi nyumbani bila hata kuutazama mshale. Kwa hiyo ile samansi ilimkaa mfukoni kama kaa la moto. Kukosa fedha kulikuwa si kitu kwake. Kilichomchoma ni kuonekana.

Kesho yake alikwenda mjini kwa mzee Danieli. Huyu alikuwa mtu wa Singida, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Alipostaafu hakurudi kwao. Aliweka meza na taipureta kwenye kibaraza cha duka, akawa anawaandikia watu barua za mashauri yao. Aliisoma samansi yote, akavua miwani.

“Mzee Hashimu, hapa njia ziko mbili. Ya kwanza, unakiri deni. Unaeleza habari ya mikorosho na habari ya barabara, unaomba kulipa kidogo kidogo. Mahakimu ni watu, husikia. Ya pili, unakana. Lakini ukikana lazima useme anayedaiwa ni nani, kama si wewe.”

“Nikikiri, nitaitwa kule?”

“Huenda ukaitwa.”

“Niende nikasimame mbele ya watu wa Ngamiani, niseme nimekula fedha?”

“Mimi sijasema umekula fedha,” Danieli alijibu polepole. “Nani anakaa kwenye nyumba?”

“Dada yangu.”

“Kodi ya wapangaji anapokea nani?”

Ndani ya duka mtu alikuwa akipimiwa mafuta ya taa. Hashimu aliyatazama mafuta yale yakishuka kwenye mrija mpaka chupa ikajaa na kizibo kikatiwa.

“Yeye,” alisema. “Anapokea yeye.”

Haukuwa uongo wote. Mwanaidi ndiye aliyezipokea kutoka mikononi mwa wapangaji. Angeweza kuishia pale.

“Na hakuletei kitu?”

“Haniletei kitu.”

Danieli alimkazia macho, kisha akavaa miwani na kuvuta karatasi. “Mimi naandika unachosema wewe,” alisema. “Saini itakuwa yako.”

Majibu yakaandikwa kwamba mdaiwa ni mkulima anayeishi Mtwara. Kwamba hajawahi kunufaika na nyumba hiyo kwa lolote. Kwamba anayekaa humo na kupokea kodi yake yote ni Mwanaidi binti Bakari, naye ndiye astahiliye kuunganishwa katika shauri na kulipa. Hashimu alitia saini yake nzuri, ile ile ya kwenye vitabu vya chama, akaipeleka bahasha posta mwenyewe. Jioni alikula ugali akamaliza, akaomba na nyongeza.

“Umewajibu nini?” Sharifa alimuuliza.

“Nimewaeleza hali yangu.”

“Na Mwanaidi umempelekea habari?”

“Barabara imekatika, mama Zawadi.”

“Hiyo barua ya mahakama imepita wapi?”

Hashimu akanawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Wiki chache baadaye ilifika hawala nyingine. Ilitumwa kabla Mwanaidi hajajua kitu, na pembeni, mahali pa ujumbe mfupi, alikuwa ameandikisha: *Kaka, mvua zimetubomolea choo lakini tumeshatengeneza. Msalimie wifi.* Karani wa posta alimhesabia noti dirishani. Hashimu aliondoka nazo, akafika nazo nyumbani, akaziweka chini ya godoro, na asizitumie. Sabuni iliisha ndani, Sharifa akakopa dukani, bado hakuzigusa. Alipolala juu yake alihisi kama kalalia mtu.

Baada ya hapo hawala hazikuja tena. Kutoka mahakamani nako kimya. Mtu mwingine angeshukuru kwamba shauri limempita. Yeye ule ukimya ulimla. Alitamani kujua na akaogopa kuuliza, na katikati ya hayo mawili akafanya kitendo cha mwoga: mwalimu Lukasi, kijana wa Muheza aliyefundisha shule ya pale, alipokuwa akienda likizo kwao, Hashimu alimpa mfuko wa korosho zilizobanguliwa, akamwomba akifika Tanga mjini ampelekee dada yake.

“Nimwambie nini, mzee?”

“Mwambie kaka yako anakusalimu.”

Lukasi alirudi shule zilipofungua. Alikuja jioni, akakaribishwa kiti, akakaa ukingoni mwa kiti hicho.

“Nilimkuta, mzee. Korosho alizipokea. Ameshukuru.”

“Hajambo?”

“Hajambo.” Kijana alikuna goti. “Nilimkuta anapepeta mchele wa mtu. Nikaona mlangoni kibao kinasema hapa tunashona nguo, nikasema mama, nina suruali imefumuka. Akasema cherehani hana tena. Sikuuliza. Jirani yake ndiye aliyenifuata njiani.”

“Akasemaje huyo jirani?”

Lukasi alimtazama Sharifa, kisha akatazama chini. “Kwamba dada yako aliitwa mahakamani akasomewa majibu yako. Hakimu akamuuliza, ni kweli haya? Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema: kaka yangu ni mtu mzima, na kama amesema hivyo, andikeni hivyo. Wakampa alipe kwa awamu. Awamu ya kwanza ndiyo ile cherehani.”

“Hakuonyesha vipande vya hawala?” Swali lilimtoka Hashimu kabla hajalizuia.

“Hawala gani, mzee?”

Sharifa aliinuka akaingia ndani. Mwalimu Lukasi aliaga haraka, chai yake haijaguswa. Hashimu alibaki pale barazani akikiona kile kikopo cha maziwa ya unga ambamo Mwanaidi aliweka vipande vyote vya posta. Siku ya arobaini alionyeshwa kikopo hicho juu ya kabati la baba, akaambiwa kila kipande kitawekwa humo. Dada yake angeweza kukifungua tu. Angekimimina mezani kwa hakimu na shauri lingeishia hapo.

Msimu wa korosho ulipoanza, alirudi kwenye mizani. Siku moja mkulima mmoja alilalamika kwamba gunia lake limesomwa pungufu. Kabla Hashimu hajafungua mdomo, mzee mwingine kwenye foleni akapaza sauti: “Weye, kama Hashimu kasema, imekwisha. Huyu uongo haujui.” Watu wakacheka, wakakubali. Hashimu alimpimia yule mkulima upya, akaona kweli mshale ulikuwa sawa, akaandika. Kisha akateremka, akamwambia katibu wa chama atafute mtu mwingine. Mgongo unamsumbua, alisema. Wakampa pole. Pole zile zilimuumiza kuliko matusi.

Bei mwaka ule ilikuwa nzuri. Alipouza mzigo wake aliiweka fedha yote mbele ya mkewe, na zile noti za chini ya godoro juu yake.

“Nakwenda Tanga.”

“Nenda,” alisema Sharifa. “Na mimi usiniletee zawadi.”

Alisafiri siku kadhaa, akalala kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji, akafika Ngamiani amejaa vumbi hadi kwenye kope. Njiani alikuwa ametunga maneno mengi. Mwanaidi alimfungulia mlango, akatazama, akasema, “Kaka. Karibu.” Akampokea mfuko. Akamwekea maji ya kuoga. Akamtandikia kitanda cha baba, chumba cha mbele, akampakulia chakula peke yake kwenye mkeka mpya, na watoto wakaambiwa wasimsumbue mgeni. Neno lile mgeni Hashimu alilisikia kupitia ukuta.

“Mwanaidi,” alimwita alipokuja kuondoa sinia. “Nimekukosea. Niwie radhi.”

“Hujala,” alisema dada yake. “Chakula kinapoa.”

Asubuhi alikwenda mahakamani kabla milango haijafunguliwa. Karani alimpeleka kwa hakimu, mama wa makamo, aliyelitafuta jalada huku akisikiliza. Hashimu alieleza yote akiwa amesimama. Habari ya salfa, ya harusi, ya bati. Alisema kwamba yale majibu ni ya uongo na kwamba dada yake hadaiwi hata senti.

“Unajua kwamba kuidanganya mahakama ni kosa?”

“Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe.”

Hakimu alipindua karatasi. “Shauri hili lilishaamuliwa, mzee. Dada yako alikubali deni kwa kinywa chake. Mdai anataka kodi yake, hataki kukufunga. Nenda kalipe kilichobaki, ulete stakabadhi tulifunge jalada.”

“Basi?”

“Ulitaka nini zaidi?”

Alikuwa amejiandaa kukemewa, pengine hata kulala ndani, na sasa alitoka kwenye jua la barazani akiwa mtu huru na miguu mizito. Alilipa deni lote. Baadaye alizunguka ofisi ya ardhi mpaka wakamkubalia kuihamisha nyumba kwa jina la Mwanaidi. Siku ya kutia saini Mwanaidi alivaa baibui jeusi, akasaini palipoonyeshwa, akasema ahsante kwa karani.

Njiani kurudi walipita duka la cherehani. Hashimu alisimama.

“Twende, kaka.”

“Ngoja nikununulie. Angalau hiyo.”

“Usininunulie,” Mwanaidi alisema bila kupandisha sauti. “Ukininunulia nitakuwa nashona kila siku nakukumbuka wewe. Nitanunua yangu.”

Hashimu alimrudishia ile fedha ya awamu aliyokuwa ameilipa dada yake, na hiyo Mwanaidi aliipokea, maana ilikuwa yake. Kesho yake Hashimu alianza safari ya kurudi kusini.

Miaka ikapita. Korosho alimpelekea kila msimu, naye Mwanaidi alijibu kwa salamu fupi. Simu za mkononi zilipoenea wakawa wanasalimiana sikukuu za Idi. Cherehani alinunua, watoto wakakua, mkubwa akaajiriwa. Ndani ya miaka hiyo Hashimu alikuwa amejijengea wazo moja la kumtuliza. Dada yangu alinipenda, alijiambia. Alibeba aibu yangu kwa mapenzi ya damu. Wazo hilo lilimliza, lakini pia lilimfaa, kwa kuwa mtu anayependwa hivyo hawezi kuwa mbaya kabisa.

Daraja la Rufiji lilipokuwa limekwisha kujengwa, Mwanaidi alikuja Mtwara kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sharifa alimpokea kwa vigelegele. Wanawake hao wawili, ambao hawakuwahi kuonana, walikaa jikoni wakicheka mambo ambayo Hashimu hakuambiwa. Siku ya tatu Mwanaidi akataka kupelekwa Ziwani, akaone shamba la babu yao.

Ulikuwa msimu wa kuokota. Walitembea chini ya mikorosho, harufu ya mabibo imetanda, na Hashimu akaona hapo ndipo pa kusema lile lililomkaa moyoni. Alisema hajasahau. Alisema hakuna dada mwingine ambaye angemsitiri kaka yake vile, na kwamba Mungu ndiye atakayemlipa kwa mapenzi yale.

Mwanaidi alisimama.

“Kaka, wewe unadhani nilinyamaza kwa kukupenda?”

Hashimu aligeuka kumtazama.

“Siku ile nilikuchukia mpaka meno yakaniuma. Kikopo cha hawala nilikuwa nacho kwenye kikapu, nimekuja nacho. Lakini karani alipoita shauri, majina yetu sote wawili yaliishia kwa baba. Bakari Chilumba, ukumbi mzima unasikia, na wazee aliokata nao mkonge wamekaa pale nyuma. Nikaona nikikifungua, watoto wake tutavuana nguo mbele yao, nao watakwenda kusema yule mnyapara alizaa mwizi. Nilimsitiri yeye. Wewe ulipata tu kivuli chake.”

“Na leo?” Hashimu aliuliza. “Leo bado?”

Mwanaidi alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitambaa.

“Leo sikuchukii. Lakini sikuja kwa ajili yako. Nimekuja nione alikozaliwa baba.”

Kisha akainama, akaanza kuokota korosho zilizoanguka, kama afanyavyo mtu yeyote aingiaye shamba lile wakati ule, akizinyonga kutoka kwenye mabibo na kuzitupia kwenye upindo wa khanga. Hashimu alisimama kidogo, asijue aweke wapi mikono. Halafu na yeye akainama upande wa pili wa mti. Waliokota bila kusema mpaka khanga ikawa nzito, Hashimu akaomba ampokee mzigo, akapewa.

Mwanaidi alikaa kwao hadi mwisho wa mwezi. Alipoondoka, Sharifa alilia stendi. Hashimu alimpandishia mizigo yake, akasimama dirishani kwake akingoja gari liwashwe. Hakumwuliza atarudi lini, naye Mwanaidi hakusema.